Samaki Mbichi na Utumbo Wako: Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Mnyoo Anayetoboa Tumbo

Kwenye pwani yetu samaki amezoeleka kupita motoni kwanza. Anakaangwa, anachomwa, anapakwa, anaungwa kwa nazi. Ndiyo maana ugonjwa ninaouandikia hapa, wa mnyoo wa samaki kujichimbia kwenye ukuta wa utumbo, kwa muda mrefu tumeuona kuwa wa watu wa mbali: Wajapani, Waholanzi, Wahispania. Leo sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki mbichi, inauzwa Westlands na Masaki, hoteli za Zanzibar zinaandaa jodari mbichi, na ndugu zetu walioko Rotterdam, Madrid au Osaka wanakula vya huko kama wenyeji. Kijana anatazama video fupi, ananunua samaki sokoni Feri asubuhi, jioni anakata vipande, anakamulia ndimu, anawakaribisha wenzake. Anaamini ndimu imeshampika yule samaki.

Ndimu haimpiki, wala haimuui mnyoo. Kinachomuua ni baridi kali ya kutosha au moto wa kutosha. Na mtu akishaumwa, kinachomwokoa asipasuliwe tumbo bure ni kumwambia daktari mapema kabisa kwamba alikula samaki mbichi. Mengine yote katika mwongozo huu ni namna ya kutekeleza hayo mawili.

## Mnyoo mwenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Anisakis, tumwite anisakisi. Akiwa mkubwa anaishi ndani ya tumbo la nyangumi na pomboo. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mnyama huyo na kuanguliwa baharini. Minyoo wachanga huliwa na vijikamba vidogo, vijikamba huliwa na samaki na ngisi, samaki mdogo humezwa na mkubwa, hadi nyangumi au pomboo atakapomla mmoja wao na mzunguko kuanza upya.

Binadamu hayumo kwenye mzunguko huo. Mnyoo akiingia tumboni mwetu hawezi kukomaa wala kutaga mayai. Anahangaika, anachimba, halafu anakufa, kwa kawaida kabla ya wiki tatu kuisha. Madhara yanatokana na kuchimba huko na namna mwili unavyompiga vita.

Wanaojulikana sana kumbeba ni makrili, heringi, cod, samoni wa baharini asiyefugwa, anchovi na ngisi. Anaye pia ndugu yake, Pseudoterranova, ambaye akikomaa huishi ndani ya sili, mnyama wa baharini. Huyu ana rangi ya kahawia na hupatikana zaidi kwenye cod na samaki wengine wa bahari za baridi.

Usidhani Bahari ya Hindi imesalimika. Pomboo wapo Kizimkazi mwaka mzima, na nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya na Tanzania takriban kati ya Julai na Oktoba. Wanyama wanaombeba mnyoo wakiwepo, samaki wa maji hayo hawezi kuhesabiwa kuwa salama eti kwa sababu tu bahari yetu ni ya joto.

## Anachokifanya ndani ya tumbo na utumbo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeelewa kinachotokea ndani hatababaishwa na dalili.

Mnyoo mchanga ana urefu wa sentimita 2 hadi 3. Kichwani ana kijino cha kutobolea, na hutoa vimeng'enya vinavyolainisha tishu ili apite. Mara nyingi anayemlaza mtu hospitalini ni mmoja tu.

Akishika kwenye ukuta wa tumbo lenyewe, maumivu huanza ndani ya saa chache baada ya kula, mara nyingi kabla ya saa 12 kupita. Ni maumivu makali ya chembe ya moyo yanayokuja na kuachia, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Mtu hujisemea kwamba vidonda vya tumbo vimeamka, anameza dawa ya asidi, na hapati nafuu.

Akipita tumbo akashuka, hujichimbia kwenye utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho iliyo upande wa kulia chini. Huko dalili huchelewa: siku moja, mbili, hata tano. Mwili hutuma kwa wingi chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili kumzingira mnyoo. Ukuta wa utumbo huvimba na kujaa maji, na kwa kuwa njia ya utumbo mwembamba ni nyembamba tangu mwanzo, uvimbe wa kipande kifupi tu unatosha kuibana. Chakula na gesi hukwama nyuma yake. Tumbo hujaa, mgonjwa anatapika, hapati choo wala hatoi upepo. Maji yanaweza kuvuja na kukusanyika kwenye uwazi wa tumbo.

Mnyoo akifa, kazi ya mwili haijaisha. Mabaki yake huzungushiwa tishu ngumu, kauvimbe kanakoweza kudumu kwa wiki kadhaa au zaidi. Kwenye picha za hospitali kauvimbe hako huweza kudhaniwa kuwa saratani au ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa muda mrefu wa utumbo. Na kwa sababu maumivu ya upande wa kulia chini hufanana sana na ya kidole tumbo, wapo wagonjwa waliopasuliwa, hata kukatwa kipande cha utumbo, na jibu sahihi likaja baadaye maabara ilipomkuta mnyoo ndani ya nyama iliyokatwa. Utumbo kutoboka kabisa au kutoka damu hutokea kwa nadra, lakini hutokea.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha: mzio. Protini za mnyoo huyu huweza kumtoa mtu mabaka ya kuwasha, kumvimbisha midomo, au kumwangusha kwa anafilaksia, yaani mzio mkali unaoweza kuua. Baadhi ya protini hizo hustahimili moto na baridi. Kwa hiyo aliyekwisha pata mzio wa anisakisi hatoshwi na kanuni ya kugandisha na kupika, nitamrudia mwishoni.

## Hatua ya 1: Amua kama samaki huyo anafaa kuliwa mbichi

Fanya uamuzi huu kabla hujatoa pesa.

Samaki wa maji baridi, yaani sato, kambare, sangara, dagaa wa ziwani, msiwale wabichi. Hapa sina nafasi ya kubembeleza. Maziwa na mito ina minyoo yake. Kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Naivasha na Baringo, sato hubeba Contracaecum, jamaa wa karibu wa anisakisi, ambaye hukomaa kwenye ndege walao samaki kama mnandi na mwari. Huko Botswana, kwenye delta ya Okavango, watalii waliokula samaki mbichi wa mtoni waliambukizwa gnathostoma, mnyoo anayetembea chini ya ngozi. Kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, samaki wadogo wa maji baridi wanaoliwa wabichi wakiwa wazima ndio walioleta kapilaria. Mnyoo huyo huzaliana humo humo ndani ya utumbo, akasababisha kuharisha kusikokoma na upotevu wa protini, na katika mlipuko wa mwisho wa miaka ya 1960 zaidi ya watu 1,000 waliugua na makumi yao wakafa. Tofauti yake na anisakisi ni hiyo: kapilaria haishii wiki tatu, na asipotibiwa huua.

Kwenye maziwa ya Ulaya, kama yale ya Italia, Uswisi na Ufini, yupo tegu wa samaki, anayeweza kufikia urefu wa mita 10 ndani ya utumbo na kumnyang'anya mtu vitamini B12. Aliyeko huko asishawishike na minofu mibichi ya samaki wa ziwani, hata mhudumu akiisifu vipi.

Samaki wa baharini wapo wa aina mbili kwa mtazamo wa hatari. Wapo wanaopunguza hofu: samoni aliyefugwa kwa chakula cha viwandani, kama wengi wanaotoka Norway, hana nafasi kubwa ya kumeza mnyoo, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinamruhusu kuliwa bila kugandishwa mradi ufugaji wake uthibitishwe. Jodari wakubwa wa jamii ya Thunnus nao wameondolewa kwenye sharti la kugandishwa katika mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Hatari ya jodari ni nyingine, nitaieleza kwenye hatua ya 7. Waliobaki, yaani vibua na makrili wa kila aina, heringi, anchovi, ngisi na samoni wa kuvuliwa, wahesabu kuwa wana mnyoo mpaka wagandishwe.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu na mwenye kinga pungufu wasile samaki mbichi wa aina yoyote. Kwao kuna bakteria pia, na baridi ya friza haiwaui bakteria hao.

## Hatua ya 2: Sokoni, matumbo yatoke haraka

Samaki akiwa hai, minyoo wengi hukaa kwenye matumbo yake, wamejikunja juu ya ini na utumbo. Akishakufa na kukaa, hasa bila barafu, baadhi yao huhama na kuingia kwenye mnofu. Kila saa samaki anapolala na matumbo yake ni nafasi kwa mnyoo kuhama.

Kwa hiyo ukifika sokoni uliza kwanza samaki amevuliwa lini na kama amelala kwenye barafu. Macho yawe angavu, matamvua mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Ukishanunua, usimpeleke nyumbani mzima. Mwambie mparaji: "Kaka, nitumbulie sasa hivi, usibakishe kitu ndani, na ukate nyama ya kitambi." Ile nyama nyembamba inayozunguka tumbo ndiyo inayokuwa na minyoo mingi kuliko nyama ya mgongoni. Kama unapanga kula mbichi, ikate ukaipike. Usiitumie kwenye sahani ya vibichi.

Mvuvi anayetumbua samaki wake chomboni anawasaidia wote wanaomfuata. Matumbo hayo yakirudishwa baharini yakiwa na minyoo hai, samaki wengine wanayala na minyoo inaendelea na safari. Ni afadhali yarudi nchi kavu yakafukiwe.

## Hatua ya 3: Kagua mnofu kwa macho

Weka minofu kwenye ubao mweupe au kioo, washa taa kali pembeni, ikiwezekana nyingine kwa chini. Tazama upande uliokuwa umegusa matumbo. Anisakisi huonekana kama kijiviringo cheupe-maziwa, kimejikunja kama springi ya saa, upana wake hauzidi nusu sentimita. Ukimgusa kwa ncha ya kisu chenye uvuguvugu anaweza kujinyoosha polepole, akageuza kichwa. Pseudoterranova ni mnene kidogo, wa kahawia, na anaonekana kwa urahisi zaidi.

Mtoe kwa kibano, kisha kata na nyama iliyomzunguka. Kata samaki vipande vyembamba. Wapishi wa Japani hukata ngisi nyuzi nyembamba, mnyoo akionekana anatolewa, na kisu kikimpata kinamkata. Lakini kukagua kusikufanye ulegee. Mnyoo aliyezama katikati ya mnofu mnene haonekani kwa taa yoyote ya nyumbani. Hatua hii inapunguza tu. Inayokata shauri ni inayofuata.

## Hatua ya 4: Gandisha kwa kipimo

Mwaka 1960 mtafiti P. H. van Thiel na wenzake wa Uholanzi walieleza kuhusu wagonjwa waliopata maumivu makali ya tumbo baada ya kula heringi waliotiwa chumvi kidogo, na wakamtaja mnyoo wa samaki kuwa ndiye chanzo. Mwaka 1968 nchi hiyo ikaagiza heringi wagandishwe kwa nyuzi −20 kwa angalau saa 24 kabla ya kuuzwa. Ugonjwa ukakaribia kutoweka Uholanzi, na Waholanzi wanaendelea kula heringi wao mpaka leo. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba baridi inatosha.

Vipimo vinavyotumika ni hivi. Umoja wa Ulaya unataka nyuzi −20 kwa saa 24, au nyuzi −35 kwa saa 15, na baridi hiyo ifike kila sehemu ya samaki. Hispania, kwa amri ya mwaka 2006, iliwalazimisha wenye migahawa kugandisha samaki wote wanaoliwa wabichi au nusu wabichi, kwa sababu wagonjwa wengi huko walitokana na anchovi waliolowekwa siki. Marekani inashauri nyuzi −20 kwa siku 7, au kugandisha kwa nyuzi −35 mpaka samaki awe jiwe na kisha kukaa humo saa 15.

Mbona wengine wanasema saa 24 na wengine siku 7? Ni hesabu ya katikati ya nyama. Saa 24 za Ulaya zinahesabiwa tangu kiini cha mnofu kifike −20. Friza ya kiwandani inafika huko haraka. Ya nyumbani inajikokota. Kwa hiyo ukiwa nyumbani shika siku 7, na uanze kwa kujua friza yako ina uwezo gani.

Tazama alama za nyota mlangoni. Nyota moja ni nyuzi −6, mbili ni −12, tatu au nne ni −18. Kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi hakivuki nyota mbili, na hakifai kabisa kwa kazi hii hata samaki akikaa humo mwezi. Friza la kulala, lile la kufunguliwa kwa juu, ukiligeuza hadi baridi ya mwisho linaweza kufika −20 au chini zaidi, lakini usiamini kitufe. Nunua kipimajoto cha friza, kiache ndani usiku kucha katikati ya vyakula, kisome asubuhi. Kisipoonyesha −20, samaki wako ni wa kupika.

Friza likithibitika, fanya hivi:

1. Osha minofu kwa maji baridi, ikaushe kwa kitambaa safi. Igawe vipande visivyozidi unene wa vidole viwili.
2. Funga kila kipande peke yake kwa nailoni ya chakula, utoe hewa. Andika tarehe na saa.
3. Panga kwa safu moja, vipande visilaliane, vikigusa ukuta wa friza. Vikishakuwa vigumu ndipo uvipange juu ya vingine.
4. Usijaze friza vitu vya moto siku hiyo, na usifungue ovyo.
5. Umeme ukikatika na kipimajoto kikipanda juu ya −20, hesabu inaanza upya siku ya kwanza. Najua inachosha kwa wanaoishi na mgao, lakini hakuna njia ya mkato.
6. Siku ya 8, yeyusha ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza wala kwenye maji ya moto. Akishayeyuka aliwe siku hiyo hiyo.

Sasa zile njia zinazosifiwa mitandaoni. Ndimu na siki hubadilisha protini ya samaki ikawa nyeupe, jicho likadanganyika kwamba ameiva. Mnyoo ambaye maisha yake yote ya utu uzima ni ndani ya tumbo la nyangumi, lenye asidi, atashtushwa vipi na maji ya ndimu? Anchovi wa Hispania na seviche ya Peru, samaki mbichi aliyelowekwa ndimu, ni salama pale tu samaki wake alipogandishwa kwanza. Pilipili, tangawizi, wasabi, soya na pombe kali vinatia ladha tu. Moshi wa baridi nao haumuui. Chumvi inafaa ikiwa nyingi na kwa muda mrefu: samaki aliyekolezwa chumvi na kukaushwa kabisa, kama ng'onda aliyekauka vizuri, hana tatizo hili, lakini samaki aliyepakwa chumvi jana usiku analo.

## Hatua ya 5: Ukipika, pika mpaka ndani

Kiini cha mnofu kifike nyuzi 60 na kikae hapo angalau dakika moja. Marekani wanasema 63. Kwa kipimajoto cha nyama ni kazi rahisi. Bila hicho, chomeka uma kwenye sehemu nene kabisa karibu na mfupa: nyama ikiachia mfupa na kutoka kwa matabaka meupe, imeiva, ikiwa bado ina mng'ao wa utelezi, rudisha.

Mtihani wetu uko kwenye mkaa. Mshikaki wa jodari au ngisi mnene huweza kuwa na alama nyeusi za wavu nje, ndani bado uvuguvugu. Sogeza mkaa pembeni, funika, upe muda. Mikrowevu inapasha moto kwa mabaka, hivyo isitegemewe kwa kazi hii.

## Hatua ya 6: Mgahawani

Uliza swali moja: "Samaki huyu aligandishwa kwa nyuzi ngapi, siku ngapi?" Mpishi anayejua kazi yake hatachukia, atakujibu, pengine atakuonyesha na daftari la friza. Akikujibu kwamba samaki wake "ni freshi kabisa, wa leo", hilo kwa mnyoo si jibu zuri, kwa sababu samaki wa leo ana mnyoo hai. Maneno kama "daraja la sushi" kwenye lebo nayo usiyategemee. Marekani, ambako yanatumika sana, hayana maana iliyowekwa na sheria.

Tafuna polepole. Haimalizi hatari, lakini mnyoo aliyesagwa na magego hachimbi.

## Hatua ya 7: Tumbo likianza kuuma, soma saa

Andika mara moja ulikula nini, saa ngapi, wapi. Kisha linganisha.

Dakika chache hadi saa moja, uso umekuwa mwekundu wa moto, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, mdomo unawasha: huenda ni histamini. Jodari, vibua na nguru waliolala bila barafu hutengeneza sumu hiyo, na haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Mabaka, midomo kuvimba, kifua kubana, kizunguzungu: huu unaweza kuwa mzio mkali, kimbia hospitali bila kujadili chanzo. Maumivu makali ya chembe ya moyo ndani ya saa 12: mfikirie mnyoo tumboni. Maumivu ya chini ya kitovu au kulia yanayoanza siku ya 1 hadi ya 5, tumbo likijaa: mfikirie mnyoo kwenye utumbo.

Usimeze dawa ya kulainisha choo, chumvi ya haluli wala mchanganyiko wowote wa kusafisha tumbo. Utumbo uliobanwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Usijitapishe. Acha diklofenaki na ibuprofeni, zinachubua tumbo. Na kidonge kimoja cha albendazo ambacho wengi wetu tunacho kabatini kwa ajili ya minyoo ya kawaida kisikufanye ubaki nyumbani. Hakijathibitika kuwa tiba ya kutegemea hapa.

Nenda usiku huo huo ukiona lolote kati ya haya: tumbo limekakamaa na linauma hata kwa kuguswa kidogo, unatapika nyongo ya kijani, hujapata choo wala upepo, una homa, kinyesi ni cheusi au kina damu.

## Hatua ya 8: Unachomwambia daktari

Madaktari wetu wanakutana na malaria, taifodi, vidonda vya tumbo na kidole tumbo kila siku. Anisakisi wengi wao hawajawahi kumwona kwa macho. Usingoje uulizwe. Ukikaa tu kitini, sema: "Daktari, juzi usiku nilikula makrili mbichi ambaye hakugandishwa, maumivu yakaanza jana asubuhi. Nahofia mnyoo wa samaki, anisakisi." Kama mgonjwa ni mzazi wako na anaona haya kueleza alichokula harusini, msemee wewe kwa adabu.

Choo kupimwa hakitasaidia, kwa sababu mnyoo huyu hatagi mayai ndani yetu. Majibu "hakuna minyoo" yasiwatulize. Eosinofili kwenye damu zinaweza kupanda, zinaweza zisipande. Dalili zikiwa za tumbo la juu, kipimo kinachostahili ni endoskopia, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni: mnyoo anaonekana ameng'ang'ania ukutani, anakamatwa kwa kikoleo na kung'olewa, na maumivu mara nyingi hupungua hapo hapo. Kwa hiyo uliza kama hospitali inayo, au rufaa iende wapi. Inafaa ifanyike mapema.

Mnyoo akiwa kwenye utumbo mwembamba, kamera ya kawaida haimfikii. Altrasaundi na siti-skani huonyesha kipande cha utumbo kilichonenepa, utumbo wa nyuma yake umepanuka, maji kidogo tumboni. Tiba huwa ya subira: mgonjwa hali kitu, anapewa dripu, mpira wa puani unatoa gesi na matapishi, dawa ya maumivu inatolewa, na tumbo linapimwa kwa mkono mara kwa mara. Kwa wengi utumbo huachia ndani ya siku chache hadi wiki mbili, mnyoo anapokufa na uvimbe kushuka. Wapo madaktari wanaoongeza albendazo au dawa ya kupunguza uvimbe; huo ni uamuzi wao kulingana na hali.

Upasuaji una mahali pake: utumbo ukitoboka, ukiziba bila kuachia, au damu ikitoka. Likitajwa suala la kupasua na hali ya mgonjwa imetulia, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Tunaweza kusubiri na kuangalia, kwa kuwa alikula samaki mbichi?" Lakini daktari akisema utumbo umetoboka, saini karatasi.

## Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Anza na uji mwepesi, mtori uliochujwa, maji ya wali. Rudi kwenye chakula kigumu taratibu kwa siku kadhaa, ukiacha kwanza vyenye nyuzinyuzi nyingi. Maumivu yakirudi kwa vipindi baada ya wiki chache, rudi ukapigwe picha tena na ueleze historia yote, ili kauvimbe kalikobaki kasiitwe saratani kabla ya kuchunguzwa vizuri.

Omba karatasi ya kuruhusiwa iandike jina la ugonjwa. Kama wengine walikula sahani ile ile, wapigie simu siku hiyo hiyo, na mjulishe mwenye mgahawa pamoja na ofisa afya wa eneo ili samaki waliobaki waondolewe.

Aliyetokwa na mabaka au kuvimba apelekwe kupimwa mzio wa anisakisi kabla hajagusa samaki tena, hata wa kukaanga. Wengi wa watu hawa baadaye huvumilia samaki aliyegandishwa vizuri na kupikwa, wengine hawavumilii, na jaribio la kwanza lifanyike kwa ushauri wa daktari, dawa ikiwa karibu. Aliyewahi kuanguka kwa mzio atembee na sindano ya adrenalini kama ameandikiwa, na watu wa nyumbani kwake wafundishwe kumchoma pajani.